Injinia kachukua arubuni, sasa anataka kuchimba mashimo

Assalaam alaykum ndugu mshauri,

Mie ni mwalimu wa skuli, nakaa Machomane hapa Chake Chake. Nyumba tunayokaa aliijenga marehemu baba mwaka 1994. Aliijenga pole pole, akiuza karafuu ananunua saruji, akiuza tena ananunua nondo. Ni nyumba ya chini, mita kumi kwa kumi na moja. Juu hakuezeka bati, alimwaga zege, kwa sababu nia yake ilikuwa kupandisha ghorofa. Hakujaaliwa. Nondo za nguzo mpaka leo zimechomoza juu ya paa, ndizo tunazofungia kamba za kuanikia nguo.

Mimi na kaka yangu aliyeko Maskati ndio warithi pekee, na mwaka huu tumekubaliana kuitimiza nia ya mzee. Juu tunataka fleti mbili, moja ya kaka na familia yake, moja ya kupangisha. Kaka hataki bati, anataka juu ya fleti napo pamwagwe zege. Fundi amekadiria milioni 95 mpaka kumaliza.

Tatizo ni injinia. Fundi wetu ni mtu mzima na heshima zake, ndiye aliyejenga na baba, naye anasema nguzo kazisuka kwa mkono wake na zitabeba. Anasema mchanga walikuwa wakiuchota pwani kama wengi wakati ule, na nyumba imesimama miaka yote hii bila ufa, isipokuwa mmoja mdogo unaofuata boriti ya ukumbini, na plasta ya dari ambayo huanguka vipande vipande tukaziba. Lakini tumeambiwa kibali cha ghorofa kinataka ramani za injinia, basi nikaanza kutafuta.

Wa kwanza ana ofisi hapa hapa Chake. Akataka asilimia nne ya gharama za ujenzi, yaani milioni tatu na laki nane. Wa pili yuko Unguja, nilimpelekea picha kwa simu, akajibu milioni nne na nusu, kila kitu ndani. Wa tatu ni kijana tuliyeelekezwa na jirani. Yeye kasema laki tatu na nusu, anachora na anapiga muhuri, wiki moja tu.

Nikamchagua wa kwanza kwa sababu yuko karibu, nikampa arubuni milioni moja na nusu. Kaja na msaidizi wake asubuhi moja, kapima vyumba, kagonga gonga nguzo, kapiga picha, kaondoka. Baada ya siku kumi ananiambia hawezi kuanza hesabu mpaka yachimbwe mashimo mawili pembeni ya msingi na zege lipimwe, na gharama yake ni milioni moja na laki mbili NJE ya ile asilimia nne. Kaka kapata habari kakasirika. Anasema tunakamuliwa, na kwamba hajapeleka pesa kutoka Maskati ili zilipie karatasi. Fundi naye kanuna.

Nauliza, hawa mainjinia wanatozaje hasa? Kuna bei inayojulikana? Je, nidai arubuni yangu nimwendee huyu wa Unguja ambaye bei yake ni moja na haina mambo mengi? Na huyu kijana wa laki tatu na nusu ana ubaya gani ikiwa ana muhuri?

Mwenye nyumba, Machomane

---

Waalaykum salaam dada yangu,

Hujaibiwa. Ila wewe na injinia wako mmekubaliana vibaya, na kosa kubwa ni lake, kwa sababu yeye ndiye mwenye fani.

Fikiri kidogo hii asilimia nne. Nne ya nini? Ya ghorofa ambayo bado hakuna anayejua kama nyumba itaibeba. Tuseme anachunguza na kugundua kwamba msingi hautoshi, na jibu la kweli ni kwamba msijenge. Gharama za ujenzi hapo ni sifuri, na asilimia nne ya sifuri unaijua, wewe ni mwalimu. Umemwajiri mtu ambaye akisema "ndiyo" anapata milioni tatu na laki nane, na akisema "hapana" hapati kitu. Huenda ni mwaminifu, na kwa kuwa amethubutu kudai mashimo naelekea kuamini hivyo. Lakini haifai uaminifu wake uwe unamla mfukoni. Kwa nyumba kama yenu injinia hulipwa kwanza kwa ajili ya jibu, liwe lolote. Ghorofa ndiyo ifuate.

Na jibu hilo lina kazi kuliko unavyodhani. Katikati ya barua yako umepitisha sentensi moja kana kwamba unasimulia tu habari za zamani: mchanga ulichotwa pwani, kuna ufa unaofuata boriti, na plasta ya dari huanguka. Sijui kama injinia wako umemwambia hayo. Kama hujamwambia, mpigie leo.

Zege lina kawaida ya kuilinda nondo iliyo ndani yake. Saruji hulifanya liwe na ukali fulani ambao chuma kikikaa humo hakishiki kutu. Chumvi ya bahari huvunja ulinzi huo. Nondo ikianza kushika kutu, ile kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi, basi husukuma zege kutoka ndani. Kwanza hutokea ufa mwembamba unaofuata njia ya nondo, kisha vipande huanguka. Inawezekana kwenu ni plasta tu iliyochoka, haya mambo hayaonekani kwa barua. Lakini ufa unaofuata boriti kwenye nyumba ya mchanga wa pwani, mimi nisingeupaka rangi nikaendelea na safari. Hizo nondo za kamba ya nguo nazo zimekaa wazi kwenye mvua na upepo wa chumvi tangu baba amwage zege, nanyi mnataka kuungia nguzo mpya juu yake.

Sasa weka mzigo. Paa la zege mnalolitaka, mita kumi kwa kumi na moja, likiwa na unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 16 na nusu. Mita moja ya ujazo ya zege ni kama kilo 2,400. Hapo ni tani 40 hivi, bado ukuta. Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi sita, wenye urefu wa mita mbili na sentimita 70 kwenda juu, una karibu kilo 800 kwa kila mita moja unayokwenda nayo, na fleti mbili hazikosi mita sitini au sabini za kuta. Jumlisha, toa milango na madirisha, bado unakaribia tani 90 kabla hajaingia mpangaji na kabati lake. Fundi wenu anasema nyumba imesimama miaka yote bila taabu. Ni kweli, imesimama kwa mzigo wake yenyewe. Huo wa pili haijawahi kuubeba hata siku moja, kwa hiyo kusimama kwake hakujatujibu chochote.

Ndiyo maana ya mashimo. Ramani ya msingi wa 1994 hamna, basi njia ya kujua kitako cha msingi kina upana gani, kimekwenda chini kiasi gani na kimekalia udongo wa namna gani ni kuchimba pembeni yake ukatazama. Pemba si kama upande wa mashariki wa Unguja ambako ukichimba futi moja unagonga jiwe. Sehemu nyingi za kwetu ni vilima na udongo wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Na zege hupimwa kwa njia zaidi ya moja. Ipo nyundo maalumu inayodunda kwenye uso wa zege, rahisi, lakini inakwambia habari za juu juu tu. Upo mtindo wa kukata kipande cha mviringo kutoka ndani ya boriti au nguzo kikapelekwa maabara kupondwa, na huo ndio wa kuaminika zaidi. Kwa nyumba yenu mimi ningetaka kingine tena: zege litobolewe kidogo, ule unga upimwe kiwango cha chumvi, hasa pale nondo zilipo. Muulize kama kimo kwenye ile milioni moja na laki mbili. Kama hakimo, hiyo orodha yake ina pengo.

Na ndiyo, vipimo huwa nje ya ada ya injinia. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa kazi hii na wala hajauzua yeye. Ada ni ya akili na dhamana yake. Maabara, vibarua wa kuchimba, nauli, malazi na kuchapisha ramani ni gharama zinazopita mkononi mwake tu, naye anatakiwa akuoneshe risiti. Kosa lake ni kutokukwambia siku ya kwanza, kabla arubuni haijatoka. Mtu aliyeona nondo juu ya paa na kusikia neno 1994 alijua kuwa vipimo vitahitajika.

Kuhusu namna wanavyotoza, njia ni chache na kila moja ina mahali pake.

Asilimia ya gharama imezoeleka kwenye majengo mapya na makubwa. Mtu anayejenga hoteli Nungwi au Paje hajui mwanzoni jengo litaishia ukubwa gani, basi ada inakua na kazi. Hapo napo lazima ikubaliwe asilimia ni ya gharama gani, ya jengo zima au ya yale aliyoyapigia hesabu yeye, yaani msingi, nguzo, boriti na zege. Wewe umeambiwa ya jengo zima. Kaka yako akiamua kuleta marumaru kutoka Maskati na gharama zikapanda kutoka milioni 95 hadi 120, ada ya injinia inapanda kutoka milioni 3.8 hadi 4.8. Milioni moja nzima kwa marumaru ambayo hata hakuichagua! Na upande wa pili mambo ni mabaya zaidi. Nondo ya milimita 16 ina kilo 1.58 kwa kila mita, ya milimita 12 haifiki kilo moja, ni 0.89. Mafundi wetu wakiwa na wasiwasi huweka 16 kila mahali. Injinia akikaa na hesabu akaona mahali fulani 12 inatosha, katika kila vipande mia vya mita 12 amekuokolea zaidi ya kilo 800 za chuma. Kwa mkataba wa asilimia, kwa kukuokolea huko amejipunguzia ada mwenyewe. Usistaajabu ukiona ramani zenye nondo nyingi kuliko haja. (Usifanye hivyo wewe mwenyewe dukani kupunguza gharama. Pengine hesabu itakuja na kudai ziongezwe.)

Halafu jengo dogo huwa na asilimia kubwa kuliko jengo kubwa. Watu hulalamikia hili na mimi sioni sababu, maana kuhesabu boriti ya nyumba ya Machomane kunachukua muda ule ule kama boriti ya jengo lenye thamani mara kumi.

Bei moja kwa kazi nzima ndiyo aliyokupa bwana wa Unguja, na imekupendeza kwa sababu haina maneno mengi. Bei moja ni njia nzuri kabisa kazi ikishajulikana mipaka yake. Lakini yeye nyumba hajaiona, kaona picha za simu. Mtu anayetoa bei ya mwisho kwa kitu asichokijua hufanya moja katika mambo mawili, ama amejaza pesa za tahadhari ndani ya bei, nawe unalipia hatari ambayo pengine haipo, ama amekusudia kupunguza kazi baadaye ili bei imtoshe. Muulize "kila kitu ndani" ni kitu gani. Atapanda boti kuja Mkoani mara ngapi? Atakuwepo siku ya kuangalia nondo kabla zege halijamwagwa, au atataka apigiwe picha? Mashimo na vipimo vya zege vimo? Ukiona anababaika kwenye la mwisho, umeshajua bei yake imetoka wapi.

Njia ya tatu ni kulipa kwa muda, kwa saa au kwa siku. Wenye kulipa huiogopa kwa sababu haina mwisho, na bei ya saa huonekana kubwa ukiilinganisha na mshahara wa mwalimu. Lakini ile bei ya saa si mshahara wa injinia. Ofisi nyingi za ushauri duniani huchukua mshahara na kuuzidisha kwa mbili na nusu mpaka tatu, ndani yake kuna kodi ya ofisi, kompyuta na programu za hesabu, msaidizi, bima ikiwa anayo, na zile saa ambazo hakuna wa kuzilipa. Kwa kazi ya uchunguzi, ambayo haijulikani itafika wapi, hii ndiyo njia ya haki zaidi, mradi iwekwe kikomo: siku kadhaa kwa bei kadhaa, isizidi kiasi fulani bila ya wewe kuridhia kwa maandishi.

Wengine watakutajia bei kwa mita ya mraba. Hiyo ni ya kupata picha tu ya haraka, haiingii kwenye nyumba ya zamani hata kidogo, kwa sababu mita ya mraba iliyojengwa kwa mchanga wa pwani si sawa na mita ya mraba mpya.

Umeuliza kama kuna bei inayojulikana. Katika nchi nyingi vyama na bodi za wahandisi zimekuwa na majedwali ya ada, lakini usiyachukulie kama bei ya mafuta iliyobandikwa kituoni. Marekani, chama cha wahandisi kiliwakataza wanachama wake kushindana kwa bei, kikidai kwamba bei za chini zitaleta majengo ya hatari. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ikaikataa hoja hiyo. Ujerumani walikuwa na jedwali la lazima, lenye kima cha chini na cha juu, mpaka Mahakama ya Ulaya ilipoamua mwaka 2019 kwamba kulilazimisha ni kinyume na sheria za Umoja wa Ulaya. Jedwali lipo bado, ila tangu 2021 watu wanakubaliana wenyewe. Kwa hiyo kujadiliana bei na injinia si utovu wa adabu. Hao hao Wamarekani wana sheria ya mwaka 1972 ya kazi za serikali kuu ambayo mimi naipenda: unachagua kwanza mtu kwa ujuzi wake, bei haijatajwa, kisha unakaa naye mezani kwa bei. Mkishindwana unamuaga kwa wema, unakwenda kwa wa pili. Wewe ulianza na bei tatu, za vitu vitatu tofauti, ukazilinganisha kana kwamba ni kilo tatu za sukari.

Kijana wa laki tatu na nusu sitamtukana, simjui. Ila wiki moja haitoshi kuchimba, kupima, kusubiri maabara na kupiga hesabu, kwa hiyo anachouza ni ramani ya nyumba ya mtu mwingine iliyobadilishwa jina, na muhuri juu yake. Ukitaka kuhakikisha, mwombe karatasi za hesabu za boriti ya ukumbini, akuoneshe uzito aliouchukulia na nguvu ya zege aliyoikisia. Mwombe pia namba yake ya usajili uiulize bodi ya wahandisi. Muhuri ni ahadi ya mtu kwamba amefanya kazi hiyo au ameisimamia, na kama ni wa kukodi basi siku boriti ikishuka hakuna atakayekuwa nyuma yake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, iliporomoka pale Forodhani mafundi wakiwa kazini kuikarabati, na watu wawili wakafa. Lile jengo la 1883 lilikuwa na watu wa kulitazama na bado likawashinda. Jengo la zamani halimwambii mtu kila kitu, na kwa wiki moja halimwambii chochote.

Arubuni yako usiidai. Ukiidai mtaanza kugombana juu ya thamani ya asubuhi moja na siku kumi, na kweli alifanya kazi, alikuja na mtu, alipima. Igeuze. Mwambie ile milioni moja na nusu iwe ada ya uchunguzi na ripoti, na mkataba wa asilimia ufutwe. Mwandikie hivi, kwa maneno yako:

"Assalaam alaykum injinia. Kuhusu nyumba yetu ya Machomane, tumefikiri na tunaomba tuigawe kazi. Kwanza, milioni 1.5 niliyokupa iwe malipo ya kuchunguza nyumba na kutuandikia ripoti yenye sahihi yako, inayosema kama nyumba itabeba ghorofa yenye paa la zege, au itabeba yenye paa la bati, au haitabeba, na kama inahitaji kutiwa nguvu ni wapi. Jibu lolote utakalotupa ada hiyo ni yako. Gharama za mashimo na vipimo tutazilipa sisi wenyewe kwa wanaohusika, kwa risiti, na tunaomba kipimo cha chumvi kiwemo. Pili, kama jibu ni ndiyo, utupe bei moja ya hesabu na ramani. Tatu, utupe bei ya kila safari moja ya kuja kukagua, na bei ya saa kwa mabadiliko tutakayoyaomba sisi."

Angalia lile neno la paa la bati. Zege la juu lina tani 40, na paa la mbao na bati kwa ukubwa ule halifiki hata tani sita. Inawezekana kabisa nyumba ikakataa la kwanza na kukubali la pili, na injinia anayelipwa kwa asilimia hana haraka ya kukutajia la bei rahisi. Kaka yako atanung'unika kuhusu kuvuja. Mwache anung'unike.

Zile safari za ukaguzi usizifanyie ubahili, maana hapo ndipo watu hukata wakidhani ramani zimetosha. Zege likishamwagwa nondo hazionekani tena. Injinia awepo kabla ya kumwaga nguzo, kabla ya boriti na kabla ya sakafu yoyote ya juu, na mumwandikie kabisa kwamba fundi hamwagi mpaka yeye aseme. Safari nne au tano zinatosha kwa nyumba kama hiyo ikiwa mafundi wanajua kazi. Kwa kuwa yuko Chake Chake hutamlipia boti wala nyumba ya kulala wageni, na hapo peke yake amempita yule wa Unguja.

Bei ya saa kwa mabadiliko ni ya kaka yako. Watu walioko ng'ambo huota nyumba usiku, asubuhi huja na ujumbe kwamba varanda itoke mita moja zaidi au ukuta wa jikoni usogezwe. Kusogeza ukuta kwenye karatasi ni kufumba na kufumbua, lakini chini ya ule ukuta kuna boriti iliyohesabiwa ukiwa pale ulipokuwa. Akijua kila wazo lina bei yake, mawazo yatapungua. Mpelekee na ripoti ikitoka, nzima, aisome mwenyewe. Atakuwa ameona kwa macho yake alicholipia.

Fundi wenu msimweke pembeni. Yeye ndiye mtu pekee aliye hai anayejua ndani ya zile nguzo mna nini, walisuka nondo ngapi, mchanga waliuosha au hawakuuosha, msingi waliushusha mpaka wapi. Siku ya kuchimba awepo, injinia amuulize mbele yako, na majibu yake yaandikwe kwenye ripoti kwa jina lake. Mtu aliyenuna kwa sababu kaambiwa kazi yake ipimwe hulainika akiulizwa aliifanyaje.

Na mashimo mwambie ayachimbe kabla masika haijashika. Yakijaa maji mtalipia pampu, na bado kitako cha msingi hamtakiona vizuri.